Medali si Darubini

Watu wawili wakianza kubishana kuhusu David Grusch, wape dakika tano tu. Utaona hakuna anayezungumza kuhusu anga tena. Wa kwanza atasema: huyu ni ofisa wa kijeshi, alikuwa Afghanistan, ameapa mbele ya Bunge la Marekani, sasa adanganye ili apate nini? Wa pili atajibu: huyo vita vilimvuruga akili, hata iliandikwa kwenye habari. Hapo ndipo ubishi utakapolala na kuamka. Mmoja ameshika medali, mwingine ameshika cheti cha daktari, na kile chombo kinachodaiwa kutoka kwingine, ambacho ndicho kilichowafanya waanze kubishana, hakuna aliyekigusa.

Nimechoka na wote wawili. Na kabla hujaniambia ati haya ni mambo ya Wamarekani na sisi tuna shida zetu za unga na kodi, hebu nisikilize. Namna tunavyoamua nani aaminiwe haibadiliki kwa sababu kisa ni cha visahani vinavyoruka. Kanuni unayoitumia leo kwa Grusch, kesho utaitumia kwa mwanajeshi aliyerudi kutoka Somalia, au kwa nyanya yako akikueleza yaliyompata wakati wa Hali ya Hatari. Kama kanuni ni mbovu, itaharibu kote.

Kwanza kisa chenyewe, maana wengi wanakibishania bila kukisoma.

Mnamo Juni 2023, waandishi Leslie Kean na Ralph Blumenthal walichapisha habari katika The Debrief kuhusu Grusch, mwanajeshi wa zamani wa anga aliyefanya kazi ya ujasusi, na aliyewahi kuiwakilisha ofisi ya setilaiti za kijasusi za Marekani katika kikosi kazi kilichokuwa kikichunguza vitu visivyotambulika angani. Julai 26 mwaka huo aliketi mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi, akainua mkono, akaapa. Akasema kwamba kwa miongo mingi kumekuwa na mpango wa siri wa kuokota vyombo vilivyoanguka na kuvifumua ili kujua vimeundwaje. Alipoulizwa kuhusu miili, akasema kulipatikana mabaki ya viumbe wasio binadamu. Wizara ya Ulinzi ikajibu kwamba haijapata habari yoyote inayoweza kuthibitishwa ya kuunga mkono madai hayo.

Dunia ikapiga nduru. Lakini siku hiyo hiyo, kwenye kiti hicho hicho, Grusch alisema jambo lingine ambalo wapenzi wake hulipita mbio: miili hiyo hakuiona mwenyewe. Alichokuwa nacho ni maelezo ya watu zaidi ya 40 aliowahoji kwa muda wa miaka minne.

Soma hapo tena polepole. Kiini cha ushahidi wa huyu mtu hakikuwa "niliona". Kilikuwa "niliambiwa na watu ninaowaamini". Hata Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 63, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama jambo lilionekana, aje aliyeliona, kama lilisikika, aje aliyelisikia. Hiyo haimfanyi anayerudia maneno ya wengine kuwa mwongo. Grusch anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na wale 40 wawe wamekosea, au wamedanganywa, au wote wamekunywa kutoka kisima kimoja. Uaminifu wake unatuhakikishia tu kwamba anatupa alichopewa bila kukiongezea chumvi. Kama kile alichopewa kilikuwa kweli, hilo ni swali lingine, na medali zake haziwezi kulijibu.

Kuna neno moja ambalo limesumbua sana katika kisa hiki. Mwaka 2022 Grusch alipeleka malalamiko kwa mkaguzi mkuu wa mashirika ya ujasusi, na malalamiko hayo yakapitishwa kuwa ya kuaminika na ya dharura. Watu wakalibeba hilo neno "ya kuaminika" kama Kombe la Dunia. Ati hata mkaguzi wa serikali amekubali! Amekubali nini? Katika sheria yao, hicho ni kizingiti cha malalamiko kupelekwa kwenye kamati za Bunge. Malalamiko yalihusu habari kufichwa Bunge na mfichuzi kulipiziwa kisasi. Mawakili waliomsaidia kuyaandika walieleza wenyewe kwamba hayakuzungumzia undani wa hizo siri anazosema zimefichwa. Ni kama uende kituo cha polisi uandikishe wizi, upewe namba ya OB, kisha uwaonyeshe majirani ile namba kama ushahidi kwamba fulani ndiye aliyeiba ng'ombe wako.

Sasa tuje kwa hao wenye medali.

Hoja yao ni hii: mwanajeshi, hasa rubani, ana jicho lililofunzwa. Amekula kiapo. Ameona mengi, hawezi kutishwa na taa ya ndege ya abiria. Inasikika vizuri. Shida ni kwamba mtu aliyepaswa kuiunga mkono kuliko wote aliikataa. J. Allen Hynek alikuwa mtaalamu wa nyota aliyelishauri jeshi la anga la Marekani katika Mradi wa Blue Book, ambao hadi ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa umekusanya ripoti 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo. Hynek hakuwa adui wa UFO. Alianza kama mpinzani na akamalizia maisha yake akidai kuna jambo linalostahili uchunguzi wa kisayansi. Lakini mwaka 1977 aliandika kwamba marubani, wa kijeshi na wa kiraia, ni mashahidi dhaifu kidogo kwa mambo haya.

Kwa nini? Si kwa sababu macho yao ni mabovu. Ukiona kitu angani usichokijua ukubwa wake, huwezi kujua kiko mbali kiasi gani. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali huchora picha moja kwenye jicho. Na usipojua umbali, huwezi kujua kasi. Kwa hivyo mtu anaposema "kilikuwa na urefu wa mita 12 na kilienda kasi kuliko ndege yoyote", tayari amekisia jambo moja na mengine yote yamejengwa juu ya kisio hilo. Ubongo hukisia bila kuomba ruhusa, na haumwambii mwenyewe kwamba umekisia. Rubani mwenye nishani kumi ana ubongo wa aina hiyo hiyo.

Mfano upo. Kati ya video tatu za jeshi la wanamaji ambazo Pentagon ilizitoa rasmi Aprili 2020, kuna moja inaitwa GoFast, iliyopigwa na ndege ya kivita mwaka 2015. Kitu kidogo kinaonekana kikikata juu ya bahari kama risasi, na waliomo ndani ya ndege wanashangilia kabisa. Jopo la wanasayansi lililoundwa na NASA lilichukua namba zilizoandikwa kwenye kioo hicho hicho cha video, likapiga hesabu ya pembe, na katika ripoti yake ya Septemba 2023 likapata kwamba kitu hicho kilikuwa juu sana kutoka baharini na kilienda takriban kilomita 64 kwa saa. Mwendo wa matatu ndani ya mji, siku ambayo hakuna jam. Kilichokimbia ni ndege iliyobeba kamera. Ukiwa njiani kwenda Nakuru, nguzo za stima zinakupita mbio, lakini nguzo hazijaenda mahali.

Wale marubani walidanganya? Hapana. Walikuwa wajinga? Hapana. Walikuwa na medali? Huenda. Hakuna hata moja ya hayo lililosaidia kujua kasi. Kilichosaidia ni namba nne na hesabu ya kidato cha tatu.

Halafu kuna kisa ambacho wapinzani hawapendi kukigusa, nami nitakigusa ili msiseme nimepanga mawe upande mmoja. Pembeni ya Grusch siku ile aliketi David Fravor, kamanda wa zamani wa kikosi cha ndege za kivita. Huyu anasema "niliona". Novemba 14, 2004, akitoka kwenye meli ya USS Nimitz, kwenye pwani ya kusini mwa California, alielekezwa na rada ya meli nyingine, USS Princeton, ambayo mabaharia wake walikuwa wakiona alama za ajabu kwa siku kadhaa. Akakuta kitu cheupe, laini, kisicho na mabawa wala moshi, umbo lake kama peremende ya Tic Tac, kikicheza juu ya maji yaliyochafuka. Alipokishukia, kikapotea. Ndege ya pili ilikuwepo, na rubani wake, Alex Dietrich, amejitokeza hadharani kusema naye alikiona. Baadaye siku hiyo mwanajeshi mwingine akakipiga video kwa kamera ya joto.

Hicho ni kisa kizito. Lakini angalia kwa nini ni kizito. Ni kwa sababu kuna ndege mbili, watu wanne, rada, tarehe, mahali, na video. Mtoe Fravor nishani zote, mvue cheo, mfanye mvuvi wa Lamu aliyekuwa kwenye mashua siku hiyo, na bado uzito haupungui sana. Na udhaifu wa kisa hicho pia uko hapo hapo: data za rada za siku ile hazijawekwa hadharani, na bila hizo hakuna anayeweza kupiga hesabu kama ile ya GoFast. Anayetaka kumtetea Fravor aache kuimba sifa zake, adai hizo data. Anayetaka kumpinga naye adai hizo hizo data. Kwa mara ya kwanza wangekuwa wanataka kitu kimoja.

Tugeukie kundi la pili, lile la cheti cha daktari. Na hapa sitakuwa mpole.

Agosti 2023, wiki chache baada ya Grusch kuapa, The Intercept ilichapisha rekodi za polisi wa eneo lake kuhusu nyakati ambazo msongo wa akili wa baada ya vita ulimzidi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakiri hadharani kwamba alitoka Afghanistan na majeraha hayo na akatafuta matibabu. Wapinzani wakafurahi kama waliookota dhahabu. Kesi imeisha! Mgonjwa!

Imeisha vipi? Ugonjwa huo una dalili zake: ndoto mbaya, kushtuka, hasira, kukosa usingizi, kukwepa kila kinachokumbusha vita. Hakuna mahali popote unapomfanya mtu ahoji watu 40 kwa miaka minne na kuandika malalamiko ya kisheria. Na hata kama ungekuwa unafanya hivyo, kilichokuwa kinapaswa kuchunguzwa bado ni kile walichosema wale 40. Hiyo rekodi ya polisi haigusi hata mmoja wao.

Lakini kuna ubaya mkubwa kuliko mantiki mbovu. Mwanajeshi anayetazama haya amejifunza somo moja: usiende kwa daktari, kwa sababu siku utakapotaka kusema jambo ambalo wakubwa hawalipendi, faili lako litafunguliwa. Na sisi hapa tuna wanajeshi wa namna hiyo. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 15, 2016, kambi yetu ya El Adde ilivamiwa na al-Shabaab, na hadi leo serikali haijawahi kutangaza rasmi ni wangapi waliokufa. Wanaojua kilichotokea asubuhi ile ni wale waliotoka hai. Wengine wao bila shaka hawalali vizuri. Siku mmoja wao akiamua kusema, utamwambia nini? Kwamba kwa kuwa anaamka usiku akipiga kelele, basi hakumbuki ni nani alikuwa zamu? Ukishakubali kanuni hiyo kwa Grusch umeikubali kwa huyo pia. Na watakaokushukuru ni wale wasiotaka hesabu ya El Adde ifanywe.

Najua jibu la waumini. Watasema: wewe unataka nyaraka, lakini nyaraka ziko kwa serikali, na serikali huongopa. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Kwamba serikali huongopa, nakubali bila ubishi. Tena nitawapa mfano wao wenyewe. Julai 1947, karibu na Roswell, New Mexico, mabaki ya ajabu yaliokotwa shambani. Jesse Marcel, ofisa wa ujasusi wa kambi ya hapo, mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyetumwa kuyachukua. Jeshi likatangaza limepata kisahani kinachoruka, kisha upesi likageuza: ni puto la hali ya hewa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1978, Marcel akasema hakuamini hadithi ya puto, na kwamba vitu alivyovishika havikuwa vya dunia hii. Mwaka 1994 jeshi la anga likakiri kwamba hadithi ya puto la hali ya hewa haikuwa kweli yote: mabaki hayo, likasema, yalitokana na Mradi wa Mogul, msururu wa maputo ya siri yaliyobeba vifaa vya kusikilizia majaribio ya nyuklia ya Wasovieti kutoka juu angani.

Kwa hivyo Marcel alikuwa na haki ya kushuku. Serikali yake ilimdanganya. Lakini kutoka "walinidanganya" hadi "kwa hivyo ni viumbe wa sayari nyingine" kuna bonde, na yeye aliliruka. Ukijua mtu amekudanganya, umejua jambo moja tu: kwamba alichosema si kweli. Hujajua ukweli ni upi.

Nasi hilo tunalijua kuliko Wamarekani. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uongo mtupu. Ukweli ulijulikanaje? Je, kwa sababu mtu fulani mwenye cheo alisema ameambiwa? La. Miili ilichunguzwa, ikakutwa na majeraha ya kipigo, na uchunguzi wa vifo ukafanywa. Miili 11 ilishinda serikali nzima ya Uingereza kwa sababu ilikuwepo na mtu aliitazama. Basi ndugu zangu waumini, mnaposema kuna miili, mimi siwacheki. Nasema tu: iko wapi, na nani ameichunguza? Hilo si swali la dharau. Ndilo swali lililowapa haki watu wa Hola.

Na wale waliobaki hai walingoja zaidi. Wazee wetu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari walieleza kwa miongo jinsi walivyopigwa, walivyohasiwa, walivyodhalilishwa. Caroline Elkins alipowahoji mamia yao na kuandika kitabu mwaka 2005, baadhi ya wanahistoria walimkosoa kwa kutegemea mno maneno ya wazee. Hakuna aliyewaita mashujaa wenye macho yaliyofunzwa, ingawa kati yao walikuwepo waliopigana msituni. Mwaka 2009 wachache wao wakaishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Mwaka 2011 ikalazimika kukiri kwamba inazo nyaraka za makoloni zilizofichwa huko Hanslope Park, yakiwemo masanduku takriban 300 kutoka Kenya. Zikafunguliwa. Zikalingana na maneno ya wazee. Juni 6, 2013, serikali hiyo ikaeleza majuto bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Ona walichofanya wale wazee. Hawakusema "tuamini kwa sababu tulipigana". Walitaja kambi, walitaja majina ya waliowapiga, walitaja mwaka, walivua nguo wakaonyesha makovu. Walisema mambo ambayo yangeweza kuonekana ni uongo kama yangekuwa uongo. Hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo shahidi anaweza kumpa msikilizaji wake. Na wakili aliyewaheshimu kweli hakuwapigia makofi tu. Alikwenda kutafuta faili.

Kumheshimu mkongwe wa vita ni kulichukua neno lake kwa uzito kiasi cha kulifanyia kazi. Anayemwamini papo hapo kwa sababu ya gwanda hajamheshimu, amemtumia. Anayemtupa papo hapo kwa sababu ya ugonjwa naye hajamheshimu. Wote wamekwepa kazi ile ile.

Na kutumiwa kupo, tena kwa pesa. Mwaka 1997 Philip Corso, mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia na vya Korea, alichapisha kitabu akidai alihusika kugawia viwanda teknolojia iliyookotwa Roswell. Kitabu kilitoka na dibaji ya Seneta Strom Thurmond. Baadaye seneta akaiondoa, akisema hakujua kitabu kinahusu hayo. Cheo cha Corso kilibeba kitabu, na jina la seneta likabebeshwa juu ya cheo. Kitu kimoja tu hakikubebwa: kipande cha hiyo teknolojia ambacho mtu mwingine angeweza kukipima.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, najua biashara hii inavyofanya kazi. Niliwahi kuandikia tovuti moja iliyolipa kwa idadi ya wanaobonyeza, na agizo lilikuwa moja: cheo cha shahidi kiwe kwenye kichwa cha habari. "Kanali wa zamani afichua." "Rubani shujaa asema." Alichosema kilikuwa hakina haja hata ya kuwa na maana. Na mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu najua upande wa pili wa sarafu hiyo: ukisema jambo lenye akili, la kwanza unaloulizwa ni "kwani wewe ulisomea wapi?" Watu wanaopima maneno kwa karatasi ya msemaji ndio hao hao wanaoliwa na kila tapeli mwenye karatasi.

Kuna siku moja tulifanya vizuri. Desemba 30, 2024, kitu kilidondoka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Pete ya chuma, upana wake kama mita 2.5, uzito wake kilo 500 hivi. Wanakijiji walikiona, wakaita wenye mamlaka, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja, likakichukua, na katika tathmini yake ya awali likasema ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Hakuna aliyeuliza mkulima aliyekiona amepata nishani gani. Hakuna aliyeuliza kama analala vizuri usiku. Kilikuwepo, kikapimwa. Wale wanakijiji wa Makueni walikuwa na kisa cha kitu kutoka angani chenye nguvu kuliko cha ofisa yeyote aliyewahi kuapa Washington, na hawakuhitaji kuapa.

Nasema hivi si kwa sababu nina hakika hakuna kitu huko juu. Ripoti ya ofisi ya Pentagon inayochunguza mambo haya ilitoka Machi 2024, ikasema haikupata ushahidi wa teknolojia ya sayari nyingine, na kwamba madai mengi yanazunguka ndani ya kundi dogo la watu wanaorudiana maneno. Ukiniambia Pentagon haiwezi kujichunguza yenyewe, nitakubaliana nawe. Basi dai mchunguzi mwingine. Dai rada za Princeton. Dai wale 40 waje mmoja mmoja, kila mmoja aseme aliona nini, wapi, lini, na nani alikuwa kando yake. Dai hicho chuma kiwekwe mezani pa maabara tatu zisizojuana. Hayo ndiyo madai ya mtu anayeamini kweli kwamba kipo.

Ila ukiniletea tena picha ya mtu akiwa na gwanda na maandishi "huyu hawezi kudanganya", au ukiniletea faili la daktari wake na maandishi "huyu si wa kuaminiwa", nitakuuliza swali moja, na nitarudia kuliuliza hadi ujibu: sawa, na kile chombo je?